Koili Imechomeka, na Hakuna Aliyedanganya

Msema kweli ni mpenzi wa Mungu. Kama ulisomea Kenya, uliandika methali hiyo kwenye insha angalau mara moja, pengine ukaifuatisha na kisa cha mtoto aliyeokota pesa akazirudisha kwa mwenyewe. Methali inachukulia kwamba kazi ngumu ni kusema kweli, na kwamba ukishaisema umemaliza. Nataka kuibishia kidogo kwa kutumia gari la mjomba wangu, Datsun 120Y, ambalo ndani ya miezi minne liliunguza koili tatu. Kila mara fundi alifungua boneti, akagusa, akapima, kisha akamwambia mjomba neno la kweli kabisa: "Mwalimu, koili imechomeka."

Ilikuwa imechomeka kweli. Hakuna aliyedanganya. Na bado mjomba alilipia kitu kilekile tena na tena, na kijana mmoja akakatwa mshahara wa siku sita kwa kosa ambalo si lake. Swali langu ni hili: inawezekanaje watu waseme kweli tupu na bado mtu adhulumiwe? Na kama inawezekana, basi uaminifu ni kitu gani hasa?

Tuanze na gari lenyewe, kwa sababu bila gari hili ni maneno tu.

Mjomba ni mwalimu mstaafu wa shule ya msingi, anaishi Njoro. Watu wote humwita Mwalimu, hata wale ambao hakuwafundisha. Datsun yake aliinunua miaka ya themanini kutoka kwa mwalimu mwenzake, wakati jina hilo lilikuwa na uzito wake hapa Kenya. Datsun zilishinda Safari Rally mwaka 1970, 1971 na 1973, kisha zikashinda miaka minne mfululizo, 1979 hadi 1982, yote minne Shekhar Mehta akiwa kwa usukani. Ya mjomba haijawahi kushindana na chochote isipokuwa matope ya Njoro mwezi wa nne, lakini ukimwambia ni gari la kawaida mtakosana.

Tatizo lilikuwa na tabia yake. Akitoka Njoro asubuhi kushuka Nakuru, gari halisumbui. Anapaki mjini, anafanya shughuli zake, anakaa kwa jam kidogo akitoka, kisha anaanza kupanda kurudi nyumbani. Njoro iko juu ya Nakuru kwa kama mita 300. Baada ya nusu saa hivi injini inaanza kukohoa, inakosa nguvu, inazima. Ukingoja dakika ishirini inawaka tena kana kwamba hakuna kilichotokea.

Ukizimikiwa na gari kando ya barabara Kenya, hutakosa mtaalamu. Siku ya kwanza ilikuwa mtu wa bodaboda. Aligusa koili, akarudisha mkono haraka, akaomba maji, akalowesha kitambaa na kuifunika. Baada ya muda mfupi gari likawaka. "Si unaona, mzee? Ni koili."

Ushahidi huo unaonekana mzito, lakini ukiufikiria utaona ni mwepesi. Gari la zamani likizima kwa sababu ya joto, kuna washukiwa kadhaa. Petroli inaweza kuchemka kwenye bomba au pampu kabla ya kufika kabureta, na huku kwetu juu, ambako mgandamizo wa hewa ni mdogo, petroli huchemka mapema kuliko Mombasa. Kondensa iliyo kando ya pointi nayo inaweza kufanya kazi ikiwa baridi na kugoma ikipata moto. Ukifungua boneti na kungoja, vyote vinapoa pamoja. Kitambaa kilicholowa kinathibitisha kwamba kuna kitu kina joto. Hakijasema ni kipi, wala kwa nini. Kama unataka kujua, chomoa waya mnene wa koili papo hapo gari linapozima, kabla halijapoa, uusogeze karibu na chuma, na mtu azungushe stata. Cheche ikiruka vizuri, koili haina neno, katafute petroli. Isiporuka, endelea na umeme.

Kwa mjomba cheche haikuruka. Kwa hiyo mtu wa boda alikuwa amegonga pale pale, angalau kuhusu "ni kipi". Kuhusu "kwa nini" hakusema kitu, na hakuulizwa.

Sasa koili inafanya nini? Betri ina volti 12. Ili cheche iruke kwenye plagi ndani ya injini unahitaji volti maelfu, mara nyingi zaidi ya 10,000. Koili ndiyo inayopandisha. Ndani ya ule mkebe wenye mafuta kuna nyaya mbili zilizozungushwa kwenye kiini cha chuma: mmoja mnene wenye mizunguko mia chache, mwingine mwembamba kama unywele wenye mizunguko maelfu. Pointi zikifunga, umeme wa betri hupita kwenye waya mnene na kujenga usumaku. Pointi zikifunguka, usumaku huo huanguka ghafla, na anguko lake ndilo linalozaa umeme mkali kwenye waya mwembamba. Ni mfumo ambao Charles Kettering na wenzake wa Delco kule Marekani waliuweka kwenye Cadillac mwanzoni mwa miaka ya 1910, na miaka sitini baadaye Datsun ilikuwa bado inautumia. Injini ya silinda nne ikizunguka mara 3,000 kwa dakika, jambo hilo linatokea mara 100 kila sekunde.

Kwa hiyo koili nzima pia hupata joto. Cha maana ni kiasi. Koili za magari mengi ya aina ya 120Y zilitengenezwa kufanya kazi na mwenzake: kipande cheupe cha kauri kinachofungwa kando yake, ambacho mafundi hukiita rezista. Umeme ukitoka kwa swichi hupitia rezista kwanza, unapunguzwa, kisha unaingia koili. Waya mnene wa koili hiyo una ukinzani wa kama omu 1.5, na rezista nayo kama omu 1.5. Pamoja ni omu 3. Injini ikiwa inanguruma na alteneta inatoa volti 14, mkondo unakuwa chini kidogo ya ampea 5. Ukiondoa rezista, ukinzani unabaki nusu na mkondo unaongezeka mara mbili, zaidi ya ampea 9. Joto halifuati mkondo moja kwa moja. Mkondo ukiwa mara mbili, joto ndani ya koili linakuwa mara nne. Badala ya wati 33 hivi kila pointi zinapofunga, unapata wati 130. Hakuna koili ya dukani itakayovumilia hivyo safari nzima. Plastiki na varnishi inayotenganisha nyaya inalainika, cheche inadhoofika, gari linazima. Likipoa linarudi, mpaka siku litakayokataa kurudi.

Niliyajua haya baadaye. Kwanza mjomba alipeleka gari kwenye gareji moja ya jua kali hapa mjini. Mwenye gareji alipima koili, akamwonyesha mjomba mita, akamwambia imekufa. Alikuwa sawa. Akaweka mpya. Gari likaenda vizuri wiki tano.

Koili ya pili nayo ikafa. Safari hii maelezo yakabadilika kidogo: spea za siku hizi ni feki. Hilo nalo lina ukweli wake, sote tunajua. Akaweka nyingine, ya bei zaidi.

Ilipokufa hiyo, kisa cha spea feki kikawa hakitoshi tena, na hapo ndipo kijana anapoingia. Ni spanaboi pale gareji, ana kama miaka kumi na tisa. Siku chache kabla, gari likiwa pale kwa kazi ya breki, alikuwa ameonekana ameketi ndani akisikiliza mpira kwa redio. Mwenye gareji akaunganisha mambo: kijana aliacha swichi imewashwa na injini imezimwa, pointi zikiwa zimefunga, umeme ukapita kwenye koili bila kupumzika, koili ikaiva. Kijana akajitetea kwamba funguo aliweka kwa hatua ya kwanza tu, ile ya redio, ambapo koili haipati umeme. Hakuna aliyemsikiliza. Koili ilikuwa shilingi 1,800. Yeye hulipwa 300 kwa siku. Hesabu hiyo unaweza kuifanya mwenyewe. Mjomba aliwekewa koili ya bure na kuombwa msamaha mbele ya watu. "Pole, Mwalimu. Ni huyu kijana."

Nataka usikilize jinsi shtaka hilo lilivyo zuri. Kiufundi halina dosari. Swichi iliyoachwa wazi huunguza koili kweli, fundi yeyote atakuambia. Kijana alikuwa ndani ya gari kweli. Redio ilikuwa inalia kweli. Kila kipande ni cha kweli, na vikiunganishwa vinatoa uongo. Isitoshe, lilikuwa shtaka ambalo halingeweza kueleza koili ya kwanza na ya pili, ambazo zilikufa kabla kijana hajakaa kwenye kiti hicho. Lakini mtu akishapata wa kulaumu, huwa hahesabu tena kurudi nyuma.

Je, mwenye gareji alidanganya? Nimelizungusha swali hili kichwani sana, na jibu langu ni hapana. Aliamini aliyoyasema. Hata kuhusu kijana, aliamini. Ukimpeleka mbele ya kadhi wa maneno, ataachiliwa.

Kuna mtu ambaye angemwelewa vizuri, naye ni Immanuel Kant, yule mwanafalsafa wa Königsberg. Kant ndiye aliyeandika mwaka 1797 kwamba kusema uongo ni kosa hata ukiwa unamficha rafiki kwa muuaji aliyesimama mlangoni. Huwezi kupata mtu mkali zaidi yake kuhusu uongo. Lakini mtu huyohuyo, mwaka 1794, alipokatazwa na mfalme wa Prussia, Friedrich Wilhelm wa Pili, kuandika kuhusu dini, aliahidi kunyamaza akijitaja kuwa raia mwaminifu wa mfalme huyo. Mfalme alifariki 1797. Mwaka uliofuata Kant akachapisha kitabu kilichorudi kwenye dini, akaeleza kwamba maneno yale aliyachagua makusudi ili ahadi imfunge wakati wa uhai wa mfalme huyo tu. Alisema kweli. Mfalme ndiye aliyesikia zaidi ya kilichosemwa.

Wako wanaomsifu Kant kwa ujanja huo, na kwa mfalme anayezuia kalamu ya mtu mimi pia simlaumu sana. Lakini kisa hicho kinaonyesha kwamba hata mlinzi mkuu wa ukweli alijua tofauti kati ya neno la kweli na mtu kujua ukweli. Unaweza kumpa mtu la kwanza ukamnyima la pili. Kant alifanya kwa kukusudia. Gareji ilifanya bila kukusudia, kwa uvivu wa kufikiri na haraka ya kazi. Aliyeumia hawezi kuona tofauti kubwa.

Najua utetezi wa fundi, na ni wa haki. Atakuambia: mteja huja na jibu tayari. "Niwekee koili." Kazi ya fundi ni kuweka, na kama kila mteja atapewa somo la umeme, gareji itafunga. Sawa. Mtu akiagiza chapati humpi ugali kwa sababu unaona atashiba zaidi. Lakini mjomba hakuagiza koili. Alifika akasema gari lake linakufa njiani na hajui sababu. Aliuliza kwa nini, akajibiwa nini. Majibu hayo mawili yanafanana sana kwa sura, ndiyo maana ni rahisi kumpa mtu moja akaondoka akidhani amepata lingine.

Baada ya koili ya tatu, nilimpeleka mjomba kwa fundi wa waya niliyesikia habari zake, mzee anayefanya kazi chini ya mti na sanduku moja la vifaa. Jambo la kwanza alilosema lilikuwa bei. "Kuangalia ni mia tano. Kutengeneza tutaongea baadaye."

Mjomba akaniangalia. "Mia tano ya kuangalia? Na hujafungua hata nati?"

"Mwalimu, wewe ulikuwa unalipwa kwa kubeba vitabu?"

Nilicheka, mjomba hakucheka, lakini alilipa.

Mzee alianza kwa kuuliza, hakugusa gari. Lilianza lini? Kabla ya hapo kuna mtu aliguza waya? Linazima likiwa linatembea au likiwa limesimama? Kisha akawasha injini na kupima chaji ya betri: volti 14.1. Kama alteneta ingekuwa inatoa 15 na zaidi, hiyo peke yake ingetosha kuchemsha koili, lakini haikuwa. Akafungua distribyuta, akaingiza kipimo kwenye pointi: milimita 0.50, ilivyotakiwa. Pengo likiwa dogo sana, pointi hukaa zimefunga muda mrefu na koili hukosa muda wa kupumua. Haikuwa hiyo pia. Kila kitu alichopima alikisema kwa sauti, hata kile ambacho hakikuwa na shida. "Hapa pako sawa. Tuendelee."

Akapima koili yenyewe: omu 1.5. Akaizungusha, akatusomea maandishi madogo ya Kiingereza yaliyopigwa ubavuni, yanayosema itumiwe pamoja na rezista ya nje. Nikamwambia rezista ipo, si hiyo hapo? Na ilikuwepo, kile kipande cheupe kimefungwa mahali pake, kichafu kama kila kitu kingine ndani ya boneti. Mzee hakunibishia. Alihakikisha pointi zimefunga, akaweka swichi, akapima umeme unaoingia koili. Kama rezista ingekuwa inafanya kazi, mita ingesoma karibu nusu ya volti za betri, sita hivi. Ilisoma 12.

Akabandua utepe mweusi uliokuwa umezungushwa kwenye ncha za rezista. Chini yake kulikuwa na kipande cha waya wa shaba, kimeunganisha ncha moja na nyingine. Kauri ilikuwa na ufa katikati. Miaka mingapi iliyopita, hatujui, rezista ilikatika, gari likagoma, na mtu akafunga waya ule juu yake. Umeme ukapata njia ya mkato. Rezista ikabaki pale inaonekana na macho yote, bila umeme kupita ndani yake.

Koili ya kwanza, ile ya zamani, huenda ilikuwa ya aina nyingine isiyohitaji rezista, ndiyo maana ilivumilia waya huo muda mrefu. Ilipochoka na kubadilishwa na koili za omu 1.5, basi. Kila mpya iliyowekwa ilikuwa imeshahukumiwa kabla haijafungwa nati.

Rahisi sasa kumgeuzia lawama yule aliyefunga waya. Mimi sitaki. Nadhani ilikuwa jioni mahali fulani, mvua inanukia, watoto ndani ya gari, na yeye alikuwa na waya na koleo. Aliwafikisha nyumbani. Dawa ya dharura ina heshima yake. Kitambaa cha yule mtu wa boda kilikuwa dawa ya dharura, na hakuna ubaya, kwa sababu kitambaa kinaonekana. Kila mtu akikiona anajua hapa kuna jambo halijaisha. Waya ule ulifunikwa kwa utepe. Ukafanywa uonekane kama kazi iliyokamilika, na kuanzia siku hiyo kila fundi aliyefungua boneti aliona rezista na kupita. Hapo ndipo ninapoona kosa, kama ni kosa: katika kumnyima anayekuja nyuma yako habari kwamba hapa pamepigwa kiraka. Angeacha waya wazi tu. Au angemwambia mwenye gari, naye akaandika mahali.

Fikiria ni sehemu ngapi za maisha yetu zimeshikiliwa na waya wa aina hiyo. Mradi wa kazini unaoenda kwa sababu mtu mmoja hukesha. Familia isiyogombana kwa sababu dada mkubwa hulipa kila kitu kimyakimya. Kila kitu kinaonekana mahali pake, na kuna mtu mmoja anapitisha mkondo mara mbili ya uwezo wake. Akizima, tunasema ni dhaifu, tunatafuta mwingine. Wa pili akizima, tunasema watu wa siku hizi ni feki.

Kwa hiyo uaminifu ni nini, kama si kusema kweli tu? Nikimwangalia yule mzee chini ya mti, naona alifanya mambo mawili ambayo gareji haikufanya. Kwanza, alitofautisha kwa sauti kati ya anachokijua na anachokitafuta. "Hapa pako sawa, tuendelee" ni namna ya kusema bado sijui. Mwenye gareji angeweza kusema vilevile siku ya kwanza: koili imechomeka, na sijui kwa nini, kwa hiyo inaweza kuchomeka tena. Sentensi hiyo isingemgharimu spea wala muda. Ingemwachia mjomba nafasi ya kuamua. Nadhani hiyo ndiyo sehemu ya pili ya kweli, ile methali haituambii: ukimpa mtu jibu, mwambie pia jibu lako linaishia wapi.

Pili, mzee aliuza kuangalia. Hapa naona tatizo letu lote kama jamii ya watu wa kulipa. Tunalipia kitu kinachoshikika. Fundi akikupa koili mkononi, iko kwenye boksi, ina risiti, unatoa 1,800 bila kinyongo. Akikuomba mia tano ya kufikiri, unahisi umeibiwa. Tukiweka bei kwa spea pekee, tutapata mafundi wa kubadilisha spea, na hatuna haki ya kushangaa. Mafundi wazuri wa kuangalia wapo Nakuru, wapo Gilgil, wapo kila mahali. Wengi wameshajifunza kwamba kuangalia hakujazi sufuria, kwa hiyo wanaangalia kwa haraka na kuuza koili.

Mjomba aliwekewa rezista mpya siku hiyohiyo. Tulipotoka kwa mzee, hakuelekea Njoro. Alirudi gareji. Alimwonyesha mwenye gareji kile kipande cha waya, akamweleza, taratibu, kama anasahihisha hesabu ubaoni. Mwenye gareji alisikiliza. Hakubisha. Alisema, "Sawa, Mwalimu, nimeelewa," na jioni hiyo kijana akapokea shilingi 1,800 kwa M-Pesa. Kwa upande wa pesa, deni limelipwa, na namheshimu kwa hilo. Wengi wasingelipa.

Lakini kijana alishtakiwa mbele ya watu kumi na kusafishwa kwa meseji ya simu. Wale kumi hawakuona meseji. Kwao yeye bado ndiye aliyeacha swichi. Wameshampa na jina: wanamwita Koili. Nilipomuuliza kama pesa zilifika, alisema zilifika, asante. Kisha akasema, "Ningetaka tu aseme." Hakumalizia, na haikuhitaji kumaliziwa.

Nadhani alikuwa anadai kitu kinachoweza kupimwa. Lawama ikitangazwa kwa sauti fulani, kuiondoa kunahitaji sauti ileile, mahali palepale, mbele ya wale wale. Chini ya hapo umerudisha pesa na kubaki na jina la mtu. Mwenye gareji si mtu mbaya. Anaona aibu tu, na aibu ya bosi mbele ya vijana wake ni kitu kizito, naelewa. Lakini kijana alibebeshwa aibu hiyohiyo, ikiwa si yake, na hakuna aliyeuliza kama ataiweza.

Datsun inapanda Njoro bila kukohoa sasa. Koili ukiishika baada ya safari ina joto, ila mkono unakaa. Mimi hupita pale gareji mara kwa mara, na nikimkuta kijana humwita kwa jina lake alilopewa na mama yake, kwa sauti, wenzake wakisikia. Haitoshi. Mwenye kusema si mimi.